Kumcheka Aliyeshindwa

Katika michezo yote ambayo mwanadamu amejitungia kwa furaha yake, hakuna hata mmoja uliokosa kicheko cha mshindi na uchungu wa mshindwa. Mpira wa miguu una vyote viwili kwa wingi, maana wapenzi wake ni wengi kuliko wa mchezo mwingine wowote. Lakini mpira una kicheko cha tatu pia, nacho si cha mshindi. Ni kicheko cha mtu ambaye timu yake haikucheza siku ile, haikufunga bao, wala haikutwaa kikombe. Mtu huyo hucheka kwa sababu moja tu: jirani yake ameshindwa. Kicheko hicho ndicho ninachotaka, msomaji, tukipime pamoja: sanaa yake ni ipi, haki yake imetoka wapi, na mpaka wake uko mahali gani.

Huenda ukaona ajabu kicheko kuhakikiwa kama shairi au hadithi. Si ajabu. Kejeli hutungwa kwa maneno, na maneno huchaguliwa. Iko kejeli iliyochongwa ikanyooka, na iko iliyotupwa kama gogo. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Mombasa na Pate yaliposhindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, mashindano hayakuwa ya panga peke yake. Washairi wa pande mbili, kina Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa, walikuwa na vita vyao vya beti. Baadaye, katika miji ya Afrika ya Mashariki, vyama vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa nyimbo za kuchokozana. Mpira ulipokuja uliikuta desturi hii imekwisha kukomaa, ukaurithi ulimi wake. Kwa hiyo anayemkejeli mwenziwe leo juu ya mpira anashika kalamu iliyoshikwa na mafundi kabla yake, na ni haki kumwuliza kama aandika vizuri.

Mfano bora wa kupimia tutaupata Dar es Salaam. Klabu ya Young Africans, iitwayo Yanga kwa ufupi, ilianzishwa mwaka wa 1935. Mwaka wa 1936 watu wengine walijitenga wakaunda klabu yao, ambayo ilibadili jina zaidi ya mara moja, ikajulikana kwa miaka mingi kama Sunderland, na mwaka wa 1971 ikajiita Simba. Yanga huvaa kijani na manjano, na makao yao yako Jangwani; Simba huvaa nyekundu na nyeupe, na makao yao yako mtaa wa Msimbazi. Kutoka jengo moja mpaka la pili ni mwendo mfupi wa miguu. Hawa ni ndugu waliogawana nyumba, na kwa sababu hiyo hakuna anayejua aibu za mmoja wao kuliko yule wa pili.

Watu wa Tanzania huwaita watani wa jadi. Litie neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Daftari la aibu zao ni refu. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga waliwafunga wenzao, ambao wakati huo wakiitwa Sunderland, mabao 5 kwa 0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba walilipa kwa mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga 3. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walishinda tena, 5 kwa 0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga nao wakashinda 5 kwa 1, na kwa miezi mingi baadaye shabiki wa Yanga hakuhitaji kusema neno: aliinua mkono wake wenye vidole vitano akapita zake. Vipigo hivi, hata hivyo, ni deni la watu wawili. Aliyecheka ndiye aliyefunga. Kicheko tunachokitafuta ni kile cha siku ambayo mmoja ameshindwa na mgeni kutoka mbali, na mwenziwe yuko pembeni akitazama.

Siku hizo zimetokea mara tatu katika fainali za Afrika. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1993, Simba walipofika fainali ya Kombe la CAF. Walikwenda Abidjan wakatoka sare 0 kwa 0 na Stella Adjamé, matokeo ambayo kila mtu aliyahesabu kuwa nusu ya kikombe. Wageni walipokuja Dar es Salaam wakashinda 2 kwa 0, wakaondoka nacho. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 2023. Yanga walikuwa katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tarehe 28 Mei, nyumbani, walifungwa 2 kwa 1 na USM Alger, na bao lao lilifungwa na Fiston Mayele. Tarehe 3 Juni walikwenda Algiers wakashinda 1 kwa 0. Jumla ikawa 2 kwa 2, lakini sheria ya bao la ugenini iliwapa Waaljeria kikombe, kwa kuwa mabao yao mawili yote waliyafunga nyumbani kwa Yanga. Mara ya tatu ilikuwa mwaka wa 2025, katika kombe lilelile. Simba walifungwa 2 kwa 0 mjini Berkane, Morocco, tarehe 17 Mei. Mchezo wa marudiano, tarehe 25 Mei, ulichezwa katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, maana uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam haukuwa katika hali ya kufaa. Joshua Mutale alifunga mapema, matumaini yakapanda. Lakini wageni walisawazisha katika dakika za nyongeza, na RS Berkane wakatwaa kikombe kwa jumla ya mabao 3 kwa 1.

Mara zote tatu nusu ya mji ililia na nusu ya mji ilicheka. Sasa tukisikilize kicheko chenyewe.

Chukua mwaka wa 2023. Tuseme shabiki wa Simba amemkuta wa Yanga kituo cha basi, akamwambia: "Hongera, nasikia mlishinda Algiers. Basi kombe mmelisahau uwanja wa ndege?" Hii ni kejeli nzuri. Kwanza, ni ya kweli. Yanga walishinda mchezo ule na hawakurudi na kikombe. Pili, ni fupi. Tatu, imevaa nguo ya pongezi, hata anayeambiwa hutaka kushukuru kabla hajahisi mwiba. Nne, na hili ndilo kubwa, imeacha mlango wazi wa kujibiwa. Wa Yanga akiwa na ulimi atasema: "Sisi tulikosa kombe kwa hesabu ya sheria. Ninyi mwaka wa 1993 mlitoka Abidjan salama, likawashinda mlangoni kwenu." Hapo mzani umelingana, na waliosimama karibu wamecheka mara mbili badala ya mara moja.

Chukua mwaka wa 2025. Wa Yanga sasa ndiye mwenye zamu. Asema: "Mlivuka bahari kwenda Zanzibar kutafuta kombe, mkarudi na karafuu." Nayo ni nzuri. Haikutaja mabao, haikutaja mchezaji. Imechukua mahali na zao lake ikajenga picha nzima ya msafiri aliyekwenda kutafuta kitu kimoja akarudi na kingine. Lakini nadhani jibu lingeweza kuipita: "Tumeziweka karafuu hizo. Tutawapikieni pilau siku mtakapofika fainali tena." Msimu ule Yanga walikuwa wametoka katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na neno "tena" lina uzito wake. Tazama pia jinsi jibu lilivyoumbwa kwa ukarimu. Aliyejeruhiwa ametumia karafuu zilezile alizotupiwa, akamkaribisha chakula aliyezitupa. Hakuna shairi la kujibizana linalofanya zaidi ya hapo.

Ziko pia kejeli za majina. Yanga huitwa vyura, kwa kuwa Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha maji hujaa mpaka kwenye makao ya klabu. Simba kwa muda mrefu wameitwa mikia. Mtu akijiita simba, mwenziwe hakumnyima wanyama. Alimpunguzia tu sehemu ya mwili. Na iko kejeli ya kumrudishia mtu maneno yake. Msimu wa 2024/25 Simba walitembea na kaulimbiu ya "Ubaya Ubwela", wakitisha wapinzani. Kaulimbiu ya vitisho ni hati ya deni: ukishinda umeilipa, ukishindwa kila mtu ana nakala mkononi. Katika namna hizi tatu, yaani pongezi yenye mwiba, jina, na kaulimbiu iliyorudishwa kwa mwenyewe, twaweza kusema bila kusita kwamba mashabiki wa mpira ni watunzi, na baadhi yao ni watunzi hodari.

Je, ziko mbaya? Ziko, tena ni nyingi kuliko nzuri, kama ilivyo katika kila sanaa. Kejeli mbaya ya kwanza ni ile isiyo na utunzi. Mtu apiga kelele kwamba wenziwe ni takataka, ni wajinga, na wafe. Maneno hayo hayana picha, hayana ukweli wa pekee, wala hayajibiki ila kwa mengine ya namna yake. Mtungaji wake angeweza kuyatumia kesho juu ya timu nyingine, na keshokutwa juu ya mwenye duka aliyemnyima mkopo. Neno lifaalo kila mahali halikutungwa kwa ajili ya mahali popote.

Kejeli mbaya ya pili ni ile inayomwacha mshindani ikamwandama mtu mmoja. Fainali hupotea kwa sababu kumi, lakini mcheka ovyo hutafuta sababu moja yenye jina: mlinda mlango aliyeteleza, kijana aliyepoteza mpira. Humfuata na mamaye, na kabila lake, na sura yake. Klabu ina maelfu ya mabega ya kubebea kicheko. Mtu mmoja ana mawili tu.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni ile inayocheka mauti. Tufuate mfano huu mpaka Uingereza, maana ligi ya huko yafuatwa sana na vijana wetu. Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyowachukua Manchester United ilianguka Munich; watu 23 walikufa, na 8 kati yao walikuwa wachezaji. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa katika msongamano, na idadi ya waliokufa kutokana na msiba huo ikawa 97. Kwa miaka mingi walitokea mashabiki waliowaimbia wapinzani wao juu ya misiba hii, wakiiga ndege kwa mikono yao iliyonyoshwa, hata wakuu wa mpira wa Uingereza mwaka wa 2023 wakatangaza hatua kali zaidi dhidi yao. Msomaji, jaribu kuipima kejeli hiyo kwa vipimo vyetu. Ni ya kweli, maana watu walikufa. Ni fupi. Lakini yaweza kujibiwaje? Mtu atamjibu nini anayeicheka maiti ya babaye? Haijibiki ila kwa maiti nyingine au kwa ngumi. Ndipo tunapojua kwamba ukweli na ufupi havitoshi: kejeli isiyoacha mlango wa kujibiwa imekoma kuwa mchezo.

Na mpaka huo hauko Uingereza peke yake. Rudi kwenye jina la vyura. Siku ya kawaida ni mzaha mwema juu ya klabu iliyojenga bondeni. Lakini Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam, makumi ya watu wakafa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Katika juma kama hilo jina lilelile, lililotamkwa kwa sauti ileile, hubadilika maana mdomoni mwa msemaji bila yeye kuligusa. Basi mtunzi wa kejeli hana budi kujua neno lake na siku yake. Neno haliko kitabuni tu. Liko pia katika hali ya hewa.

Sasa turudie neno "mtani" nililokuomba ulitie akilini. Watu wengi hulitumia kama kwamba maana yake ni mtu wa kuchekwa. Hiyo ni nusu ya maana. Katika desturi za makabila mengi ya Tanzania, utani ulikuwa mapatano baina ya kabila na kabila au ukoo na ukoo, mara nyingi watu waliowahi kupigana au kukutana katika safari za biashara. Mtani aliruhusiwa kusema yasiyosemwa na mwingine. Hata msibani aliweza kuja akawatania wafiwa, akamwiga marehemu jinsi alivyokuwa akitembea au akikohoa, na hakuna aliyekasirika. Lakini ruhusa hiyo haikuwa ya bure. Mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kushika kazi nzito za msiba: kuchimba kaburi, kushughulikia mazishi, kuwasimamia wafiwa katika yale ambayo nguvu zao hazikuyaweza. Alicheka akiwa na jembe mkononi. Jembe ndilo lililoifanya haki ya kicheko chake.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ulipo upungufu mkubwa wa kicheko cha mpira wa leo. Tumerithi nusu ya utani tukaiacha nusu. Mashabiki hubeba jeneza la mbao lenye rangi za mpinzani, wakalizungusha mtaani kwa vigelegele. Nami sina ugomvi na jeneza hilo, maana ni mchezo wa kuigiza na lina sanaa yake. Swali langu ni moja: baada ya kulizungusha jeneza, ni nani aliyechimba kaburi? Yaani, ni nani aliyemsaidia mwenziwe kubeba msiba wake?

Najua nitajibiwa hivi: "Mwalimu, huu ni mpira tu. Ukiondoa kucheka, unabaki na nini? Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyetaka kuchekwa asishangilie." Jibu hili lina uzito, wala sitaki lipuuzwe. Mpira usio na kejeli ungekuwa kama chakula kisicho na chumvi. Tena kejeli ina kazi njema: humpunguzia mshindi kiburi cha kesho kwa kumkumbusha ya jana, na humfundisha mshindwa kuvumilia mbele ya watu, somo lisilofundishwa kwa chaki. Mji wenye klabu mbili zinazotaniana una bahati. Watu wake wana lugha ya kusemeshana, tajiri na mchukuzi, mgeni na mwenyeji, bila kujuana majina. Sisemi kicheko kikome. Nasema kikamilike.

Tena wacheka wengi hukosea hata hesabu. Aliyeshindwa katika fainali ya Afrika ni wa pili katika bara zima. Mwaka wa 2023 Yanga walipolikosa kombe, Simba walikuwa wamekwisha kutolewa na Wydad ya Morocco kwa mikwaju ya penalti, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka wa 2025 Simba walipolikosa, Yanga walikuwa nyumbani tangu hatua ya makundi. Aliyeteleza ngazi ya tatu akiwa chini amcheka aliyeteleza ngazi ya kumi, na hajui kwamba mwenziwe ameona mbali kuliko yeye.

Lipo na jambo la faida. Shirikisho la mpira la Afrika huhesabu pointi za klabu za kila nchi katika misimu mitano, na nchi 12 za juu hupewa nafasi nne katika mashindano ya klabu badala ya mbili. Tanzania iliipata heshima hiyo zaidi kwa jasho la Simba na Yanga. Basi kila hatua aliyopiga Yanga mwaka wa 2023 ilimwekea Simba akiba, na kila hatua aliyopiga Simba mwaka wa 2025 ilimwekea Yanga akiba. Shabiki aliyevaa jezi ya wageni siku ya fainali ili jirani yake aumie, alikuwa akishangilia kupungua kwa akiba yake mwenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi mwaka wa 2023 fedha kwa kila bao la klabu hizi katika mashindano ya Afrika, hakuuliza bao lina rangi gani.

Usidhani, msomaji wa Kenya, kwamba naisema nyumba ya jirani ili yetu isionekane. Sisi tuna Gor Mahia na AFC Leopards, na mchezo wao tumeuita wa mashemeji. Ni jina zuri mno. Shemeji, kama mtani, ni mtu unayeruhusiwa kumfanyia mzaha, kwa sababu kuna ndoa kati yenu. Na kwa sababu hiyohiyo huwezi kumtupa. Mwaka wa 1979 Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, wakashindwa na Canon Yaoundé ya Kamerun kwa jumla ya mabao 8 kwa 0. Mashabiki wa Leopards walikuwa na chakula cha miaka. Lakini mwaka wa 1987 Gor walirudi katika fainali ya kombe lilelile. Walitoka sare 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, wakatoka sare 1 kwa 1 Nairobi, na kombe likawa lao. Waliipataje bahati hiyo? Kwa sheria ya bao la ugenini, ileile iliyowanyima Yanga mwaka wa 2023. Mkenya anayeicheka sheria hiyo ilipomwangukia Yanga hana budi kukumbuka kwamba kombe kubwa ambalo klabu ya Kenya imepata kulileta nyumbani lilikuja kwa mlango huohuo. Na shabiki wa Gor anayewahesabia Leopards miaka tangu walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1998, akumbuke pia kwamba yeye mwenyewe alingoja miaka minane baada ya aibu ya Yaoundé. Aliye juu mngoje chini, wasema wahenga. Nami naongeza kwamba aliye chini naye huenda yuko njiani kupanda.

Basi tufanyeje siku ya kwanza ya juma, baada ya fainali ambayo wenzetu wameipoteza, tukikutana nao darasani? Nitakupa vipimo vinne, navyo havihitaji ubao wala rula. Neno lako liwe la kweli, ili asiwe na sababu ya kukuita mwongo. Liwe na utunzi, ili hata yeye alitamani. Liwaelekee walio wengi wa klabu, wala lisimwandame mmoja aliyeteleza. Na liwe na mlango wa kujibiwa. Ukiona mwenzio amenyamaza kwa kukosa neno isipokuwa chozi, jua umekwisha kupita mpaka, hata kama waliosimama nyuma yako wanakupigia makofi.

Na ukimaliza kucheka, shika jembe. Mkalie karibu. Mwulize mchezo ulikuwaje, umwache akueleze lile bao ambalo angependa lisingefungwa, ingawa umekwisha kulisikia mara tatu. Mkiri kwamba kufika fainali si jambo dogo. Hapo utakuwa umestahili kumtania, naye atakuwekea kejeli yake mahali pema, akiingoja zamu yake. Nayo zamu, kama daftari la Dar es Salaam linavyoonyesha, haijapata kuchelewa sana.